Barua Kutoka Bama: Askari wa Afrika Mashariki na Nyumba Aliyoiacha



Nimeombwa kuzungumzia shida za maisha ya kambini wakati wa vita. Nimechagua kambi za Burma ya mwaka 1944, ambako vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana na Wajapani chini ya bendera ya Mwingereza. Wazee waliorudi kutoka huko walisema Bama, na baadhi yetu tulilisikia jina hilo utotoni kabla hatujajua nchi yenyewe iko upande gani wa dunia. Nitaeleza mvua, matope na maradhi ya kule, maana haiwezekani kuyaruka. Lakini kilichonileta hapa hasa ni barua.

Askari wetu alipopata kipande cha karatasi na kuketi kuandika nyumbani, hakukusudia kumsimulia mkewe vita. Alikuwa anaendesha nyumba. Kwa barua aliuza mbuzi, alilipa mahari ya mdogo wake, alijibu shauri la mpaka wa shamba, alimpa mtoto jina. Na katika shida zote za kambini, naamini iliyomtesa kuliko nyingine ni hii: sauti yake ya kuendeshea nyumba ilikuwa imewekwa mikononi mwa watu wengine, na haikuwa na hakika ya kufika.

Tuanze na mahali. Mwaka 1943 jeshi la Uingereza liliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kuipeleka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, ikafundishwe vita vya msituni. Sehemu kubwa ya askari wake wa miguu walikuwa wa King's African Rifles, au Keya kama wazee wetu walivyoita, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Kamanda wake alikuwa Meja Jenerali Charles Fowkes. Katikati ya 1944, baada ya Wajapani kushindwa katika miji ya Imphal na Kohima, divisheni hiyo ilivushwa hadi mpaka wa India na Burma. Mwanzoni mwa Agosti ikaingia mji mdogo wa Tamu, kisha ikashuka kusini kwa kulifuata bonde la Kabaw, ikiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin.

Hata kufika huko kulikuwa na gharama yake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama katika muda wa dakika tatu hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Fikirini wale waliokuwa katika meli nyingine za msafara uleule, walioiona ikizama kwa macho yao. Walifika Colombo, wakateremka, wakapewa karatasi za kuandikia nyumbani, na kanuni za vita ziliwakataza kutaja meli, bandari au msafara. Barua ya kwanza ya wengi wao ilibidi iseme tu kwamba wamefika salama.

Sasa twende bondeni. Watu wa pwani wanaufahamu upepo wa kusi, unaoyapeleka majahazi Bara Hindi. Upepo huohuo ukishavuka bahari na kugonga milima ya Assam na Burma humwaga mvua ambayo hata mtu wa Bukoba au wa Kericho, aliyezoea mvua, hakuwahi kuiona. Majenerali wengi waliamini kwamba katika miezi hiyo jeshi haliwezi kutembea, lazima likae lisubiri. Wetu walitembezwa. Barabara iligeuka matope, magari yakazama hadi mhimili, magogo yakakatwa na kutandikwa ili jipu zipite. Pale ambapo jipu zilishindwa, nyumbu walibeba, na pale ambapo nyumbu walishindwa, alibeba askari mwenyewe.

Kambi ya mstari wa mbele haikuwa kambi kama tunavyoifikiria, yenye mahema yaliyopangwa safu. Ilikuwa mashimo. Jioni ilipokaribia kikosi kilisimama, kila mtu na mwenzake wakachimba shimo la kulala na kupigania, na kabla ya usiku kuingia shimo lilikuwa limeshaanza kujaa maji. Moto haukuwashwa gizani. Mazungumzo yalikatazwa. Wajapani walikuwa na desturi ya kuja usiku na kupiga kelele ili mtu apaparike, afyatue risasi na kufichua mahali alipo. Hivyo kijana aliyelelewa katika jamii ambayo usiku ni wakati wa hadithi na moto alikaa saa kumi na mbili ndani ya maji, kimya, akisikiliza majani.

Chakula kilianguka kutoka angani. Ndege za Dakota ziliruka chini kwa chini kati ya milima na kuangusha magunia na masanduku, mengine kwa miavuli, mengine bila. Mawingu yakifunga, ndege haziji, na watu wanapunguziwa. Unga wa posho unataka sufuria, moto na muda, na vitu hivyo vitatu havikupatikana pamoja kila siku, kwa hiyo biskuti ngumu na nyama ya kopo zikashika nafasi. Msione jambo hili ni dogo. Mtu anaweza kuvumilia risasi akiwa ameshiba ugali. Akilishwa biskuti zilizolowa siku baada ya siku, huanza kuhesabu miezi aliyokaa ugenini.

Kisha maradhi. Bonde la Kabaw lilijulikana kwa malaria na kwa homa ya taifasi ya vichakani, inayoletwa na utitiri wa kwenye nyasi. Kila siku askari walisimama mstari wameze kidonge cha mepakrini mbele ya mkubwa wao, kidonge kichungu kinachoigeuza ngozi rangi ya manjano. Ruba waliingia kwenye viatu na kupanda miguuni. Ngozi ya nyayo, kwa kutokauka kamwe, ilichubuka na kutoka vipande. Huko Tamu waliwakuta Wajapani waliokufa kwa njaa na kuhara, maiti zikiwa zimelala majumbani na kando ya njia, na vijana wetu walifanya kazi ya kusafisha mji ule. Sijapata kusikia kwamba mtu aliweka habari hiyo katika barua kwa mama yake.

Na hapo ndipo swali langu linapoanzia. Kwa nini barua za askari, kwa kadiri tunavyozifahamu, zina salamu nyingi na vita kidogo?

Jibu la haraka ni ukaguzi, na ni jibu la kweli. Barua ilisomwa kwanza na ofisa wa kikosi, kisha ikaweza kufunguliwa tena na wakaguzi wa nyuma waliojua Kiswahili na lugha nyingine za kwetu. Walikata majina ya mahali, idadi ya watu, habari za majeruhi. Pia waliandika muhtasari kwa wakubwa wao: askari wananung'unikia nini, wanamsema nani, wamechoka kiasi gani. Mkaguzi, kwa hiyo, alizuia maneno yasipite na papo hapo alikuwa akiisikiliza roho ya jeshi. Askari waliijua hali hiyo. Ukisema neno kuhusu mshahara wako kuwa chini kuliko wa Mzungu wa cheo kilekile, neno hilo halimfikii baba yako peke yake. Na huyu alikuwa askari ambaye bado aliweza kuchapwa viboko kambini, miaka zaidi ya 60 baada ya Uingereza kuifuta adhabu hiyo kwa askari wake yenyewe.

Lakini jibu hilo halitoshi. Kabla barua haijamfikia ofisa, ilikuwa imeshapitia mtu mwingine. Askari wengi waliandikishwa bila kujua kusoma. Jeshi lilikuwa na Kikosi cha Elimu kilichowafundisha, na wengi walijifunza herufi wakiwa na umri wa kuwa baba. Hata hivyo kwa muda mrefu mwenye barua alilazimika kumwendea mwenziwe aliyesoma misheni au shule ya serikali, mara nyingi karani au mtu wa simu za upepo, amwandikie. Jaribuni kuitazama hali hiyo kwa makini. Unataka kumuuliza mkeo jambo la ndani kabisa, jambo ambalo hata kwa ndugu yako hulisemi, na lazima ulitamke kwa sauti mbele ya kijana wa kabila jingine anayeshika kalamu. Kule nyumbani mkeo naye hasomi. Barua itapelekwa kwa mwalimu, kwa katekista au kwa karani wa jumbe, isomwe mbele ya mama mkwe, na pengine mbele ya wazee wa nyumba nzima.

Barua ya namna hiyo haina siri. Ni hotuba fupi mbele ya baraza, na ilitungwa kwa adabu ya baraza. Ndiyo maana ilianza na zile salamu ndefu tulizozirithi hadi siku za simu za mkononi: mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Watafiti wengine huziruka salamu hizo wakitafuta "habari". Mimi nasema zisirukwe. Mtu anayesema "mimi mzima" akiwa amekaa katika shimo la maji anafanya uamuzi. Salamu zake ni kama hodi mlangoni: anaomba kuingia nyumbani kwake mwenyewe, na anayebisha hodi haanzi kwa kulia. Halafu orodha ya majina inafuata: msalimie fulani, msalimie fulani, na mama fulani, na mtoto wake. Kwa orodha hiyo mtu wa mbali aliwakumbusha wote kwamba bado anawahesabu, na kwamba wao nao wanapaswa kumhesabu.

Baada ya salamu ndipo ilipokuja kazi yenyewe ya barua, na hapa nataka nikae kidogo.

Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ipelekwe nyumbani, na mtu aliyemtaja akaenda kuichukua bomani. Je, amtaje nani? Akimtaja mke, baba anaona amedharauliwa. Akimtaja baba au kaka, mke atapewa kiasi watakachotaka wao. Fedha ambayo ilikusudiwa iunganishe nyumba ikawa chanzo cha ugomvi ndani yake, na mwenye fedha yuko ng'ambo, hawezi kuita kikao. Anaandika: fedha za miezi hiyo zimekwenda wapi? Barua inachukua wiki na wiki baharini. Jibu linarudi likiwa limeandikwa na mtu yuleyule anayetuhumiwa, kwa sababu ndiye peke yake anayejua kusoma pale nyumbani. Mniambie, mtu huyo anamwamini nani?

Au ni ng'ombe. Baba amefariki, ndugu wa baba amechukua mifugo, na ni huyohuyo anayeandika kwamba ng'ombe wamekufa kwa ugonjwa. Au ni mpaka wa shamba umesogezwa. Au ni mke, na hili ndilo lililowakosesha wengi usingizi: uvumi ulifika kambini mapema kuliko barua, kupitia kwa askari mgeni aliyetoka wilaya ileile, kwamba nyumbani kwako kuna mwanamume. Malalamiko ya namna hii yalikuwa mengi kiasi kwamba maofisa wa vikosi walijikuta wakiandikiana na mabwana shauri wa wilaya kuhusu ndoa za watu, mahari na mbuzi. Serikali iliyoona ni rahisi kumhamisha kijana kutoka Songea hadi Chindwin ilishtuka kugundua kwamba imemhamisha pamoja na kesi zake zote.

Na tusimsahau aliye upande wa pili wa barua. Mwaka 1943 mvua zilikosekana sehemu nyingi za Kenya, na Wakikuyu waliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Rwanda nayo iliingia katika njaa kubwa ya Ruzagayura, 1943 hadi 1944. Mwanamke mwenye watoto wanne, mume vitani, ghala tupu, ataandika nini kambini? Akisema kweli, atamvunja moyo mtu ambaye hawezi kufanya lolote. Akinyamaza, siku mume atakaporudi ataulizwa kwa nini alificha. Wengi walichagua kusema "sisi wazima". Basi kuna miaka ambayo pande mbili za bahari ziliandikiana kwamba ni wazima, na kila upande ulikuwa unaulinda mwenzake kwa maneno hayo. Mimi siwezi kuiona hiyo kama barua isiyo na habari. Naiona kuwa ni upendo uliofanya kazi ngumu kwa maneno machache yaliyoruhusiwa.

Palikuwa na njia nyingine pia. Magazeti ya Kiswahili yalichapisha salamu na barua za askari: Mambo Leo la Tanganyika, lililokuwapo tangu 1923, na Baraza la Nairobi, lililoanza 1939. Jeshi lenyewe lilikuwa na gazeti lake, Heshima, kwa ajili ya askari wetu waliokuwa Asia. Humo mtu aliweza kuisalimu wilaya nzima kwa mara moja. Magazeti hayo yalikuwa chini ya macho ya serikali, na tusitafute humo manung'uniko makali. Lakini yaliwafanya watu wa makabila mengi wasomane kwa lugha moja, na waliporudi waliendelea kusomana.

Desemba 1944 divisheni ilifika Kalewa, na wahandisi wakaweka juu ya Chindwin daraja la vyuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati ule. Askari wetu wakavuka, wakasimamisha kituo upande wa mashariki, kisha wakaondolewa na kurudishwa India kupumzika. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki iliendelea hadi mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945. Agosti ya mwaka huo vita vikaisha.

Shida ya kambini haikuisha. Ilibadilika tu. Meli zilikuwa chache na mataifa mengi yalitaka kurudisha watu wao kwa wakati mmoja, na Mwafrika hakuwa wa mbele katika foleni. Wengi walikaa India miezi mingi katika kambi za kungojea: gwaride asubuhi, usafi wa vyombo, gwaride jioni, na hakuna adui wa kuielezea subira hiyo. Ofisa hakuwa tena na jibu kwa mtu aliyekuwa ameahidiwa kurudi vita vikiisha. Mwanahistoria Mohamed Said, katika kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, anaandika kwamba ni katika kambi ya Kalieni, karibu na Bombay, mwishoni mwa 1945, ambapo Sykes na wenzake kutoka Tanganyika walijadili kuunda chama cha siasa watakapofika nyumbani. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, naye alieleza katika kumbukumbu zake za 1967 jinsi alivyoanza kujiuliza huko Burma alikuwa akipigania nini. Mambo ya namna hiyo hayakuandikwa katika barua za nyumbani. Yalibebwa kichwani.

Sasa, barua zenyewe ziko wapi? Hili linanisikitisha na sitalificha. Gerald Hanley, ofisa aliyekuwa na divisheni hiyo, alichapisha kitabu chake Monsoon Victory mwaka 1946. Mwaka huohuo Mganda Robert Kakembo alichapisha chake, kifupi na chenye ujasiri, akieleza askari Mwafrika anafikiri nini. Shaaban Robert, karani aliyebaki Tanganyika, alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Tena barua za Shaaban Robert mwenyewe kwa mdogo wake Yusuf Ulenge tunazo, kuanzia 1931 hadi 1958, kwa sababu mdogo wake alizihifadhi na zikachapishwa mwaka 2002. Lakini Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000, na Kenya na Uganda makumi ya maelfu mengine. Barua zao kwa sehemu kubwa tunazijua kupitia muhtasari wa wakaguzi, kwa Kiingereza, kwa maneno ya mtu aliyekuwa anatafuta dalili za uasi. Yaani sentensi ya askari kwa mkewe imetufikia ikiwa imetafsiriwa na yule aliyeichungulia.

Zilizobaki ziko majumbani. Ziko ndani ya masanduku ya bati, katikati ya hati za mashamba na vyeti vya ubatizo, ndani ya misahafu, chini ya magodoro ya bibi zetu ambao wengi wametangulia mbele ya haki. Nyingine zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na mjukuu anadhani ni hirizi au dua, anaziacha zilipo kwa heshima au anazichoma kwa hofu. Nyumba inavunjwa, vitu vinagawanywa, karatasi zinakwenda jalalani.

Kwa hiyo nawaomba mliofika leo. Mkikuta barua ya namna hiyo, msiibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki, na msiipeleke kufunikwa kwa nailoni ya moto, maana joto huiharibu kabisa. Ipigeni picha pande zote mbili, kisha iwekeni katika bahasha ya karatasi, mbali na unyevu na jua. Muulizeni mkubwa wa nyumba, angali hai, ni nani aliyeiandika kwa mkono na ni nani aliyezoea kuwasomea, mkaandike majina hayo pembeni katika karatasi nyingine. Orodha ya salamu msiifupishe mnaponakili. Wekeni kila jina kama lilivyo. Na bahasha isitupwe. Muhuri wa posta una tarehe, kibandiko cha mkaguzi kina namba, na namba ya askari iliyoandikwa nyuma inaweza kumwongoza mjukuu hadi kwenye faili la jeshi, au hadi kwenye jina lililoandikwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, au kule Taukkyan nje ya Yangon, ambako ukuta wa waliokosa kaburi una majina karibu 27,000.